Dereva wa Gari la Ushirika

Jina lake sote tulilijua, ila sikumbuki mara ya mwisho kulisikia likitamkwa. Mkewe alimwita Dereva. Wanawe walimwita Baba Dereva, na wanetu wakaiga. Hata imamu, akitangaza kwamba limepatikana gari la kupeleka watu mazikoni, alisema, "Dereva ameshakubali," akanyamaza, maana hakukuwa na haja ya kuongeza. Kijijini gari lilikuwa moja, pikapu ya ushirika, na mwenye kuiendesha alikuwa mmoja.

Kijiji chetu kipo ukingoni mwa delta, pale maji yanapoishia na barabara inapoanza. Mashua za Mbwera na Maparoni hushusha kwetu kamba, mchele na nazi, na kutoka hapo mzigo sharti upate gari mpaka Kibiti. Mimi nilikuwa nachuuza kamba wakavu. Kwa miaka mingi nilisafiri na Dereva kila wiki, nikimjua kwa kisogo chake kuliko kwa uso, kwa sababu wanawake tulikaa nyuma juu ya magunia.

Mimi aliniita shemeji. Marehemu mume wangu alikuwa mwenzake wa bao, na alipofariki, Dereva hakulibadili neno hilo wala hakuubadili mwenendo wake nyumbani kwangu. Kila Ijumaa baada ya swala alipita, akasimama nje ya ua, akapaza sauti: "Shemeji, hamjambo humo ndani?" Ndani hakuingia hata mara moja. Nikimpa chai aliinywa palepale nje, amesimama, kisha akarudisha kikombe kwa mikono miwili. Binti yangu wa pekee alipoposwa, Dereva alikaa pamoja na wazee wa upande wetu, akamuuliza mchumba maswali mpaka kijana akatoka jasho. Siku ya harusi alilia. Alilia kwenye kila harusi, huyo. Watu walimcheka, naye alisema vumbi la barabarani limemharibu macho.

Alikuwa mtu wa Kiongoroni, lakini maji aliyaogopa kama moto. Mama yake alikuwa bado kule kisiwani, na Dereva alimpelekea mchele na khanga kwa mikono ya manahodha, yeye mwenyewe havuki. Mama alipokufa ilimlazimu avuke. Walimlaza kifudifudi kwenye mashua, amejifunika kanzu kichwani, na waliokuwa naye wanasema njia nzima alisoma Yasini bila kupumzika. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akakaa nyuma ya usukani bila kuliwasha, mpaka mkewe akaja kumchukua.

Gari ndilo lililokuwa nchi kavu yake. Asubuhi, kabla hajanywa chai, aliliosha. Kioo cha taa alikifuta kwa ncha ya kikoi chake mwenyewe. Abiria akibamiza mlango alisimama, akashuka, akaufungua na kuufunga tena taratibu mbele yake, bila neno, kisha akaendelea na safari. Boneti hakuruhusu mtu aiguse. "Boneti ni chumbani," alisema. "Mgeni huishia barazani."

Lakini usemi wake tulioupenda zaidi ulikuwa mwingine. Siku moja kiongozi mmoja wa ushirika alileta mbuzi wake wapakiwe waende mnadani, na siku hiyo kulikuwa na mzee wa Maparoni aliyevimba miguu, anapelekwa hospitali. Dereva akamwambia kiongozi asubiri kesho. Kiongozi akapandisha sauti: gari ni la nani? Dereva akajibu, "La ushirika. Mimi mwenyewe ni abiria tu, nimekalia kiti chenye usukani." Mbuzi wakabaki. Maneno yale tuliyarudia kwa miaka, tukawafundisha na watoto. Nikitaka kumwonyesha mwanangu mtu mwaminifu yukoje, sikwenda mbali, nilimnyooshea kidole Dereva.

Halafu zikaingia zile zama ambazo watu waliziita za ruksa. Vitu vilivyokuwa havionekani vikaonekana: sabuni, sukari, mitumba, vipuri vya magari. Wanunuzi wa kamba wabichi wakafika hadi bandarini kwetu na masanduku ya barafu. Nao ushirika, uliokuwa ukinunua korosho zetu, ukaanza kukauka kama kisima cha kiangazi. Siku hizo ndipo pikapu ilipoanza kusumbua umeme.

Ilikuwa pikapu ya zamani, ya petroli, na betri yake ilichajiwa na dainamo. Taa zikawa na rangi ya chai. Ikizimika njiani, haiwaki mpaka isukumwe. Dereva alitukusanya sisi wanawake wa kamba, akatueleza kwa upole, kama anayesomesha.

"Hii dainamo inataka gari likimbie ndipo ichaji," alisema. "Kwa matope yetu haya, gari litakimbilia wapi? Siku hizi kuna altaneta. Altaneta inachaji hata gari likienda mwendo wa jongoo. Tukiipata hiyo, tutaondoka alfajiri na taa kali, kamba wenu watafika Kibiti soko halijaanza. Na mgonjwa akitokea, hatutamtazama usoni tukamwambia gari haliwaki."

"Ushirika hauwezi kuinunua?" mmoja akauliza.

Dereva akacheka kidogo. "Ushirika umebaki na muhuri tu, mama."

Mimi ndiye niliyezunguka nyumba kwa nyumba kukusanya michango. Waliotoa mikeka walitoa, waliotoa kamba wakavu walitoa, bibi mmoja akatoa jogoo wake aliyekuwa akimwamsha. Waliosita niliwaambia, "Mnamjua Dereva," nao wakatoa. Akapakia vyote akaenda Dar es Salaam, akarudi na altaneta imefungwa kwenye gunia, inang'aa kama sufuria mpya.

Siku ya kuifunga aliifungua boneti mbele ya watu wote, kwa mara ya kwanza. Akaitoa dainamo, ndefu, nyeusi kwa grisi, akailaza chini. Altaneta ilikuwa fupi na nene, haikukaa mahali pa mwenzake. Matundu ya bolti hayakukutana, na ule mkono wa chuma unaoishika na kukaza mkanda ulikuwa mfupi. Akaitwa mhunzi wetu, mzee wa kufua nanga za mashua. Akakata kipande cha nanga iliyovunjika, akakipasha moto, akakigonga, akakipinda, akatoboa tundu. Mkono ule ulikuwa mzito na una alama za nyundo kama magamba ya samaki. Dereva akaukaza, akabadilisha na waya, akasema ule wa zamani ni mwembamba, utaungua kwa umeme wa altaneta. Kile kisanduku cha kupimia chaji akakitoa, akasema altaneta ina chake ndani kwa ndani.

Kisha akawasha. "Tazameni hii taa nyekundu," akatuonyesha kwenye dashibodi. Gari likanguruma, taa nyekundu ikazima. Akawasha taa za mbele, mchana kweupe, na zilionekana ukutani kwa duka hata jua likiwaka. Tulipiga vigelegele. Yule bibi wa jogoo alicheza mpaka kilemba kikamwanguka. Dereva alifuta macho, akasema vumbi.

Ule msimu tulineemeka. Tuliondoka na alfajiri, tukarudi adhuhuri. Nilibadilisha makuti ya nyumba yangu.

Masika yaliyofuata, gari likaanza tena. Asubuhi haliwaki, tunasukuma. Linazimika kwenye tope, tunasukuma. Dereva akasema altaneta imeungua ndani. Akaipeleka Kibiti kusukwa waya upya, akairudisha, ikadumu siku mbili tatu, ikafa tena. Alikonda. Alikaa kibarazani kwake ameshika kichwa, na mimi nilimpelekea uji, nikimwambia, "Kaka, hiki ni chuma tu, usijiue kwa chuma." Akaniambia, "Shemeji, gari likizeeka limezeeka. Ukimvisha kizee kanzu mpya, magoti ni yaleyale."

Binti yangu alikuwa na mimba ya kwanza. Uchungu ulimshika asubuhi, mvua inanyesha, na mkunga wetu baada ya kumpapasa akaniambia mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali sasa hivi. Tulimpakia nyuma juu ya godoro, tukamtandia turubai. Vijana walisukuma, gari likawaka. Nilikaa nyuma nimekishika kichwa chake mapajani. Tulikwenda vizuri. Nilihesabu vijiji. Tulipofika kwenye kijito, nusu ya njia haijatimia, injini ikakohoa katikati ya maji, ikazima.

Dereva akageuza ufunguo. Haikutoka hata sauti, ila tik, kama mtu anayegonga jino kwa ukucha. Akageuza tena. Tik.

"Sukumeni!" akapiga kelele. Mume wa binti yangu na wapita njia wawili walisukuma mpaka wakazama magotini. Tope halikuachia. Dereva alivua kanzu akaingia kwenye maji, yeye aliyeogopa maji, akasukuma kwa bega huku akiita jina la Mwenyezi Mungu. Mwishowe tulimbeba binti yangu kwa godoro mpaka ng'ambo, akajifungua chini ya turubai kando ya barabara, na mtoto, wa kiume, alitoka bila kulia. Dereva ndiye aliyeleta maji ya kumwosha. Ndiye aliyemfunika binti yangu kwa kanzu yake kavu. Ndiye aliyechimba kaburi dogo jioni ile, alikataa kumpa mtu mwingine jembe, na alilia hata wanaume wakamwondoa.

Binti yangu hakusema kwa muda mrefu. Alipoanza kusema, miongoni mwa maneno yake ya kwanza ilikuwa, "Mama, Baba Dereva alinifunika."

Ukaitishwa mkutano wa ushirika. Mezani Dereva aliweka altaneta, nyaya zake nyeusi zimeungua, ina harufu ya mpira uliochomwa. "Sitaki tena kuua watu," alisema, na sauti ikamkatika. Akashauri gari liuzwe kwa chuma chakavu kabla halijaleta msiba mwingine. Watu walinigeukia mimi, kama aliyefiwa. Nikasema, "Dereva akisema limekwisha, limekwisha." Likauzwa kwa mtu mmoja wa Kibiti, mnunuzi pekee aliyejitokeza. Lilivutwa kwa kamba na lori la magogo, na tulilitazama likiondoka kama tunavyotazama jeneza.

Mvua zilipokatika, likarudi. Limepakwa rangi ya buluu, linanguruma kama simba, na aliyeketi nyuma ya usukani alikuwa Dereva. Tulifurahi, wallahi. Alisema mwenyewe mpya ameligharimia mafundi wa mjini, wamefunga altaneta nyingine na mkono wake wa kiwandani, na amemwajiri kwa kuwa analijua. Tukasema riziki ya mtu haipotei. Nauli ilikuwa juu, na mgonjwa sasa alilipa kama gunia, lakini hayo tuliyaona ni ya mwenyewe mpya.

Nilipanda na tenga langu la kamba kama zamani. Njiani rejeta ikachemka. Dereva alifungua boneti, akachukua ndoo akateremka bondeni kutafuta maji. Akaiacha wazi. Nilishuka kunyoosha miguu, nikasogea mbele, sikuwa na nia yoyote. Nikaona altaneta. Ilikuwa inang'aa chini ya vumbi, na ilishikwa na mkono mzito wa chuma wenye alama za nyundo kama magamba ya samaki.

Nilisimama pale. Nilinyoosha kidole nikaugusa, ukaniunguza, sikukitoa haraka.

Aliporudi na ndoo akanikuta hivyo. Tulitazamana.

"Kaka," nikamwambia, "huu si mkono aliofua mzee wetu?"

Alifungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, akaanza kumimina maji.

"Na ile uliyotuwekea mezani, iliyoungua, uliitoa wapi?"

"Kwa mafundi Kibiti," akasema, haniangalii. "Zimejaa kule, zilizokufa."

"Hii yetu ulikuwa umeiweka wapi?"

"Nyumbani."

"Kwa hiyo gari lilikuwa zima."

"Shemeji, sikiliza." Aliiweka ndoo chini. "Wakubwa wa ushirika walikwisha gawana mabati ya ghala. Mizani wameuza. Walikuwa wanataka na gari, bei walikwisha kubaliana na mtu wa Dar. Miaka yote ile nimeliosha mimi. Nimelilea. Nilipwe nini, muhuri? Kama nisingelichukua mimi, wangelichukua wao, na nyinyi msingepata hata pa kupandia. Huyu aliyelinunua ni shemeji yangu, ndugu wa mke wangu. Alilinunua kwa ajili yangu, nami namlipa kidogo kidogo."

"Na mwanangu?"

Alikifunga kifuniko. Alikikaza, akakikaza tena, kikiwa kimeshakaza.

"Na mwanangu, kaka?"

"Panda twende," akasema. "Soko litafungwa."

Nilimwambia anishushie tenga langu. Alipanda nyuma, akalishika kwa uangalifu uleule wa siku zote, asivunje hata kamba mmoja, akaliweka kwenye majani makavu, akaondoka. Nilikaa kando ya barabara mpaka likapita lori la magogo.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa ushirika nikamweleza. Alinisikiliza akichokonoa meno, na juu ya nyumba yake kulikuwa na mabati ambayo nayajua kwa kutu yake. Akaniambia, "Mama, hayo yameshapita. Sasa kila mtu na lake." Nikamweleza yule bibi wa jogoo, naye akanitazama kwa hasira, si hasira juu ya Dereva, hasira juu yangu mimi. "Ulituambia tunamjua," akasema. Hilo ndilo lililobaki nami. Michango ile ilitoka kwa neno langu, na neno langu nililikopa kwake yeye.

Binti yangu sikumwambia. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza kula. Alikuwa na kitu kimoja kizuri katika siku ile yote, kanzu ya mtu aliyemfunika, nami sikuwa na moyo wa kumvua.

Dereva hakupita tena nje ya ua wangu siku ya Ijumaa. Alinunua gari la pili, likapinduka. Barabara kuu ikaja na mabasi, biashara ikamwondoka, akahamia Ikwiriri kwa mtoto wake. Watu waliendelea kumsifu, hasa vijana ambao hawakusukuma. Wanasema enzi zake gari lilikuwa safi, na alikuwa akiwabeba maiti bure, na yote mawili ni kweli. Ndiyo taabu yenyewe. Angekuwa mwizi tangu mwanzo ningemsahau. Nikikaa nikimwaza, yule aliyekataa mbuzi wa kiongozi na yule aliyeficha altaneta uvunguni, natafuta ni wapi mmoja alishuka na mwingine akapanda, sipaoni.

Mara ya mwisho nilimwona nyumbani kwangu. Binti yangu, ambaye Mungu amemjalia watoto wengine watatu, alikuwa amekuja kunitembelea na kitinda mimba wake. Tuko uani, tukasikia sauti: "Shemeji, hamjambo humo ndani?" Nilikuwa sijaisikia kwa miaka mingi. Kabla sijainuka, binti yangu alishakimbilia mlangoni. "Baba Dereva! Shikamoo! Karibu ndani, leo hukai nje." Akamshika mkono akamwingiza. Alikuwa amezeeka, mguu mmoja anauburuta, macho yana ukungu. Binti yangu akampa kigoda, akamwekea mtoto mapajani. "Huyu ndiye mjukuu wako," akamwambia.

Dereva alimshika yule mtoto kwa mikono miwili. Machozi yakamtoka. Kisha akaniinulia macho, akanitazama, nikajua anachouliza. Alikuwa anauliza kama nimesema.

Niliinuka nikamtoa mtoto mikononi mwake. Sikumnyang'anya, nilimtoa tu, nikampa mama yake.

"Mama, kuna nini?" binti yangu akauliza.

Nikakaa chini nikamwambia, yeye Dereva akiwapo. Nilimwambia habari ya altaneta, ya ile iliyoungua, ya mkono wa chuma, ya shemeji wa Kibiti. Nilisema polepole, nikampa nafasi Dereva anikanushe. Hakunikanusha. Binti yangu alisikiliza mpaka mwisho, mtoto anamvuta mtandio. Hakulia. Alimgeukia.

"Siku ile tunaondoka hapa," akasema, "ulijua kama gari halitafika?"

Mikono ya Dereva ilikuwa bado imekaa mapajani vilevile, kama imemshika mtoto.

"Nilidhani litafika," akasema.

Alijiinua kwa kushika ukuta, akaburuta mguu hadi mlangoni, akageuka. "Assalamu alaykum," akasema.

Kuitikia salamu ni wajibu. Binti yangu aliitikia, kwa sauti ndogo, huku amemfunika mtoto kichwa. Mimi mpaka leo sijaitikia.